Catherine Wawili na Dirisha Moja: Mama na Binti katika Wuthering Heights

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wasomaji wa riwaya, mbele ya walimu wa fasihi, wanafunzi na wazazi wao. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi, nanyi wazazi mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kusikiliza habari za kitabu: nawasalimu wote. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mama na binti katika riwaya moja kongwe. Nimechagua Wuthering Heights, riwaya pekee ya Emily Brontë, iliyotoka London mwezi Desemba 1847 kwa jina la kubuni la Ellis Bell. Mwandishi alikuwa na miaka 29. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Desemba 1848, alifariki dunia, na hakuacha riwaya nyingine.

Kwa nini kitabu hiki? Kwa sababu mama na binti wake wana jina moja, Catherine. Na kwa sababu mama huyu na binti huyu walikuwa hai pamoja kwa saa mbili tu. Nelly Dean, mtumishi anayetusimulia karibu kisa chote, anasema mtoto alizaliwa yapata saa sita usiku, mimba ikiwa ya miezi saba, kitoto dhaifu. Saa mbili baadaye mama akakata roho bila kurudiwa na fahamu. Hakumwona. Hakumshika. Hakumwita jina.

Sasa niwaulize, wazazi wangu. Nyumbani kwetu binti akikaidi kidogo, shangazi hakosi kusema: "Huyo ni mama yake mtupu." Mmesikia hayo au hamjasikia? Na mara nyingi maneno hayo hayasemwi kwa sifa. Binti anakuwa ameshahukumiwa kwa kesi ya mtu mwingine. Wahenga wetu wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na wahenga hao hao wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Emily Brontë, binti wa kasisi katika kijiji cha Haworth kule Yorkshire, hakuzijua methali zetu. Lakini riwaya yake imeyachukua maswali hayo mawili na kuyafuata hadi mwisho, kwa damu moja na jina moja.

Kwa wale ambao hawajakisoma, niwape ramani fupi. Kuna nyumba mbili tu za kukumbuka. Ya kwanza ni Wuthering Heights, juu ya kilima chenye upepo mkali, nyumba ya ukoo wa Earnshaw. Ya pili ni Thrushcross Grange, bondeni, nyumba ya kitajiri yenye bustani kubwa, ya ukoo wa Linton. Catherine mama ni Earnshaw. Baba yake alikwenda Liverpool kwa miguu akarudi na mtoto wa kuokota, akamwita Heathcliff. Catherine na Heathcliff wakakua pamoja wakapendana kupita kiasi. Kisha Catherine akaolewa na Edgar Linton wa bondeni, na Heathcliff akageuka kuwa mtu wa kisasi kwa familia zote mbili. Binti wa Catherine na Edgar ndiye Catherine wa pili. Edgar alimwita Cathy kwa kufupisha, ilhali mkewe hakuwahi kumfupishia jina, kwa kuwa Heathcliff ndiye aliyekuwa na mazoea hayo. Nami nitafuata mtindo wa Edgar: mama nitamwita Catherine, binti nitamwita Cathy.

Nianze na malezi, maana hapo ndipo wengi hupapita mbio.

Siku baba alipofunga safari ya Liverpool aliwauliza watoto awaletee zawadi gani. Hindley, kaka mtu, akaomba fidla. Catherine, ambaye hajatimiza hata miaka sita, akaomba mjeledi. Mjeledi! Nelly anasema alikuwa anaweza kumpanda farasi yeyote wa zizini. Baba aliporudi, fidla imevunjika na mjeledi umepotea njiani, na badala ya zawadi pana mtoto mchafu asiyejulikana kwao. Catherine akamtemea mate yule mtoto. Baba akamzaba kofi.

Angalieni kinachofuata. Mama yake akafariki kabla miaka miwili haijapita. Kwa hiyo Catherine naye alikua bila mama, jambo ambalo watu hulisahau. Akabaki na baba mgonjwa, mkali, anayempenda yule wa kuokota kuliko watoto wa tumbo lake. Siku moja msichana alipokuja kubembeleza baada ya utundu wa mchana kutwa, baba akamwambia: hapana, Cathy, siwezi kukupenda, wewe ni mbaya kuliko kaka yako, nenda kasali umwombe Mungu msamaha, nadhani mama yako na mimi tutajuta kwamba tulikulea. Nelly anasema mwanzoni maneno hayo yalimliza. Baadaye, kwa kufukuzwa mara kwa mara, akawa sugu, na akiambiwa aombe radhi anacheka.

Usiku ule baba alipofariki, Catherine alikuwa ametulia kwa sababu ya ugonjwa, kichwa kimeegemea goti la mzee. Baba akamshika nywele akasema: kwa nini usiwe msichana mwema siku zote, Cathy? Naye akainua uso akacheka: kwa nini wewe usiwe mwanamume mwema siku zote, baba? Dakika chache baadaye mzee akafa kitini.

Ndugu zangu, mimi nikilisoma jibu lile silioni kuwa ufidhuli. Naona mtoto aliyeuliza swali la haki na hakupata muda wa kujibiwa. Hata Nelly, mlezi wake, anakiri wazi kwamba hakumpenda Catherine baada ya utoto wake kupita. Nani basi alimpenda mtoto huyu? Heathcliff peke yake. Mtoto aliyenyimwa upendo na wakubwa wote akaupata kwa mwenzake mmoja, tena naye mtoto. Mnashangaa kwamba alimshikilia kama uhai?

Njooni kwa Cathy. Naye hana mama. Lakini ana baba anayekaa naye, anayemfundisha kusoma yeye mwenyewe, na ambaye Nelly haamini kama aliwahi kumwambia neno kali. Na ana Nelly, yule yule Nelly, ambaye sasa ni mtu mzima na anampenda bila masharti. Sura yake imechanganya koo mbili: macho meusi mazuri ya kina Earnshaw, ngozi nyeupe na nywele za dhahabu za kina Linton. Nelly anasema uwezo wake wa kupenda sana ulimkumbusha mama yake, ila hasira yake haikuwa ya kichaa na upendo wake haukuwa wa kuchoma. Ulikuwa wa kina na wa upole.

Je, basi alikuwa malaika? Hata kidogo. Alidekezwa. Hakuna mtoto aliyefungiwa kama yule: mpaka alipofika miaka 13 hakuwahi kutoka peke yake nje ya mipaka ya bustani. Siku moja baba yake akiwa safarini, Cathy alimjia Nelly saa mbili asubuhi akatangaza kwamba leo yeye ni mfanyabiashara wa Kiarabu, anavuka jangwa na msafara wake, anaomba masurufu ya kutosha. Farasi wake mdogo alikuwa farasi kweli, na ngamia watatu walikuwa mbwa wa kuwinda. Nelly akamfungia chakula kwenye kikapu. Msafara ukaondoka. Haukurudi kunywa chai. Msichana aliruka uzio akapanda vilima, na jioni Nelly alimkuta amekaa mbele ya moto ndani ya Wuthering Heights, nyumba ambayo hakuwahi kuambiwa habari zake, anajisukasuka kwenye kiti kidogo kilichokuwa cha mama yake utotoni.

Uzio haukumzuia mama, haukumzuia binti. Moto ni ule ule. Tofauti ni kwamba binti aliporudi nyumbani alikuta mtu wa kumlilia.

Jambo la pili: namna kila mmoja alivyokabiliwa na kufungiwa.

Mnaijua ile sehemu ya jikoni ambayo kila mwanafunzi huinakili kwenye daftari. Catherine ana miaka 15. Edgar amemposa na yeye amekubali, lakini moyo hautulii. Anamwambia Nelly aliota yuko mbinguni, akalia kwa uchungu mpaka malaika wakakasirika wakamtupa chini, akaangukia nyikani juu ya Wuthering Heights, akaamka analia kwa furaha. Kisha anasema kuolewa na Heathcliff sasa kungemshushia hadhi. Heathcliff yupo pale pale, kwenye benchi gizani, na Catherine hajui. Akasikia hadi hapo, akainuka akatoka. Hakusikia yaliyofuata. Hakusikia Catherine akisema kwamba Heathcliff ni yeye zaidi kuliko alivyo yeye mwenyewe. Hakusikia ile sentensi mashuhuri, "Nelly, mimi ni Heathcliff." Alisikia nusu tu, na nusu ile ikaharibu maisha ya kizazi kizima.

Tumtendee haki Catherine. Alikuwa na mpango. Alidhani fedha za Edgar zitamwinua Heathcliff, zimtoe chini ya ukatili wa Hindley. Nelly alimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu mbaya kuliko zote alizozitaja za kuolewa na Edgar. Lakini jamani, msichana wa miaka 15, hana baba, hana mama, kaka mlevi, mnataka awe na mpango gani?

Miaka ikapita. Akaolewa. Heathcliff akarudi tajiri. Wanaume hao wawili wakagombana mbele yake, na Catherine akafanya nini? Akajifungia chumbani. Siku tatu hakula. Alingoja Edgar aje agonge mlango akiwa analia, na Edgar alikuwa maktaba na vitabu vyake, hakuambiwa hali ilivyo. Nelly alipofunguliwa alikuta mtu anayeurarua mto kwa meno, anayapanga manyoya juu ya shuka kwa aina ya ndege: hili la bata mzinga, hili la njiwa, hili la kipila aliyekuwa akimwona nyikani. Akatazama kioo, hakuutambua uso wake mwenyewe.

Alijifungia mwenyewe. Shikeni hapo.

Kwa sababu binti alifungiwa na mtu. Cathy akiwa na miaka 17, baba yake Edgar yuko kufani, Heathcliff alimvuta kwa hila hadi Wuthering Heights pamoja na Nelly, akafunga milango. Alitaka Cathy aolewe na mwanawe aitwaye Linton, aliyezaa na dada yake Edgar, kijana mgonjwa, mwenye kudeka na mwoga, ili mali ya kina Linton imwangukie yeye. Cathy alipoona ufunguo mkononi mwa Heathcliff aliurukia, akatumia kucha, akatumia meno. Heathcliff akamzaba makofi mfululizo. Cathy akajua hatashinda kwa nguvu, akasema: nitaolewa na Linton, ila niruhusu nirudi kwa baba kabla hajafa. Akaozwa. Bado hakuruhusiwa.

Basi akambembeleza yule mume dhaifu mpaka akamfungulia mlango wa chumba. Kabla hakujapambazuka akapita vyumba vitupu akijaribu madirisha, kwa maana milangoni kuna mbwa. Akafika kwenye chumba kilichokuwa cha mama yake. Akafungua dirisha la chumba kile, akashika mti wa msonobari uliokuwa karibu, akateremka, akakimbia. Akamkuta baba yake yu hai. Edgar akafa akimtazama.

Mnakumbuka ni dirisha gani hilo? Ni lile lile la mwanzo wa kitabu! Mgeni aitwaye Lockwood, amelala chumbani humo usiku wa theluji, anaota au anaona mkono wa baridi unamshika kupitia kioo kilichovunjika, na sauti ya mtoto inalia: nifungulie, nimepotea nyikani, miaka 20 sasa. Anauliza wewe nani? Inajibu: Catherine Linton. Mama anabisha hodi aingie ndani ya utoto wake. Binti, mwezi mmoja au zaidi kabla ya usiku ule, alitoka kwa dirisha hilo hilo kwenda kumwahi mtu aliyempenda.

Nimekisoma kitabu hiki tangu ujana wangu, na bado sioni mahali pengine Emily Brontë alipoweka mama na binti karibu zaidi kuliko kwenye dirisha lile. Hakuna msimulizi anayetuonyesha kwa kidole. Ni sisi wenyewe tuone.

Jambo la tatu ndilo hasa lililonileta mbele yenu, na mtaniwia radhi nikikaa hapo. Ni vitabu, na ni msamaha.

Catherine mama alikuwa na vitabu, na aliviandika. Pembezoni mwa kurasa, hata za kitabu cha dini, alijaza shajara yake. Humo anasimulia Jumapili moja ambayo yeye na Heathcliff walilazimishwa kusoma vitabu vya wokovu; akakishika chake akakitupa kwenye kibanda cha mbwa, na Heathcliff akakipiga teke chake kikafuata. Ni uasi wa watoto wawili waliochoshwa, na mimi nacheka kila nikiusoma. Lakini kuna habari nyingine isiyochekesha. Baba alipokufa, Hindley alimwondoa Heathcliff kwenye masomo akamfanya kibarua wa shamba. Mwanzoni Heathcliff aliyavumilia hayo. Kwa nini? Kwa sababu Catherine alikuwa anamfundisha yale aliyojifunza yeye. Msichana alikuwa mwalimu! Kisha akaumwa na mbwa wa Thrushcross Grange, akakaa huko majuma matano, akarudi na nguo za hariri na marafiki wapya. Masomo yakafifia. Heathcliff alijitahidi asiachwe nyuma, akashindwa. Siku moja akamwonyesha kalenda aliyoitia alama: misalaba kwa jioni alizozitumia na kina Linton, nukta kwa alizokaa naye. Misalaba ilikuwa mingi. Catherine akamjibu kwamba si raha kukaa na mtu asiyejua kitu wala hasemi kitu.

Nani alimfanya asijue kitu? Hindley. Na nani aliacha kumfundisha?

Hiyo ni hadithi ya mama. Sasa tazameni jinsi mwandishi anavyomwekea binti mtihani ule ule. Heathcliff mkubwa, kwa kisasi, amemfanyia mtoto wa Hindley, aitwaye Hareton Earnshaw, alivyofanyiwa yeye: amemnyima shule, amemfanya mtumishi katika nyumba ya baba zake. Hareton ni binamu wa Cathy. Ana nguvu, ana moyo, na hajui kusoma. Juu ya mlango mkuu wa nyumba hiyo limechongwa jina "Hareton Earnshaw" na mwaka 1500. Ni jina lake mwenyewe, juu ya mlango wake mwenyewe, na hawezi kulisoma. Siku moja anamwambia Cathy kwa haya na fahari: lile sasa naweza kulisoma. Akalisoma kwa silabi. Cathy akamuuliza: na tarakimu? Akasema bado. Cathy akamcheka mpaka Hareton akaondoka zake.

Akamcheka! Msinitazame hivyo, kitabu ndivyo kinavyosema. Binti huyu mpole, aliyelelewa kwa upendo, alimcheka mtu aliyekuwa anajaribu. Na hakuishia hapo. Baada ya kufiwa na baba, na kufiwa na mume aliyemuuguza peke yake bila hata daktari kuitwa, Cathy alikauka. Alinyang'anywa mali yote, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimpa mume mali ya mke inayohamishika, na mume alimwandikia Heathcliff vyote. Akakaa katika nyumba ile akiwa mkavu, mwenye kejeli, mwenye kutisha watu. Hareton alikuwa amechukua vitabu vyake vichache ajifunze kwa siri. Cathy akamfedhehesha mbele ya mgeni, akiiga jinsi anavyosoma kwa kukwama. Hareton akavikusanya vile vitabu akavitia motoni, na uso wake ulionyesha uchungu wa kuviunguza.

Kwa hiyo wale mnaosema Cathy alizaliwa mwema na mama yake alizaliwa mbaya, ukurasa huo mnaupeleka wapi? Miezi michache ya dhuluma ilitosha kumfanya mkatili. Angeweza kubaki hivyo. Mama yake alikwama katika hatua ile ile: alimdharau mtu aliyeshushwa kwa sababu ameshushwa.

Tofauti iko hapa. Cathy alirudi.

Ni Jumatatu ya Pasaka. Joseph, mtumishi mzee mnung'unikaji, amekwenda mnadani na ng'ombe. Hareton yuko nyumbani kwa sababu bunduki ilimlipukia mkononi. Amekaa jikoni na kiko, amenuna. Cathy anamwambia: nimegundua kwamba ningependa uwe binamu yangu, kama usingekuwa umenikasirikia hivyo. Hareton anamfukuza. Cathy anamnyang'anya kiko kinywani anakitupa motoni. Hareton anatukana. Kisha Hareton mwenyewe anamwambia Cathy asilolijua: nimekutetea kwa Heathcliff mara mia, nikamkasirisha kwa ajili yako. Cathy akafuta machozi, akaomba msamaha. Akasimama mbele yake akampa mkono. Hareton akakunja ngumi, macho chini. Basi Cathy akainama akambusu shavuni.

Halafu akachukua kitabu kizuri, akakifunga vizuri kwa karatasi nyeupe, akakikaza kwa utepe, akaandika juu yake "Bwana Hareton Earnshaw". Akamtuma Nelly: mwambie akikipokea nitakuja kumfundisha kukisoma sawasawa, akikikataa nitapanda juu, sitamsumbua tena. Nelly akakiweka gotini pa Hareton. Hakukifungua. Lakini hakukitupa. Baadaye Cathy akasikia karatasi inachanika taratibu, akaenda akakaa karibu naye, akamwambia: sema umenisamehe, Hareton, sema. Neno dogo tu, nitafurahi mno.

Je, Catherine mama hakuwahi kuomba msamaha? Aliomba. Siku yake ya mwisho, mikononi mwa Heathcliff, alisema: uliniacha nawe pia, nami nakusamehe, nisamehe. Maneno karibu ni yale yale! Lakini yeye aliyasema saa chache kabla ya kufa, na binti aliyasema akiwa na umri wa miaka 18, umri ule ule aliofia mama yake, akiwa na masika yote mbele yake ya kumfundisha mtu kusoma. Lockwood aliporudi Septemba 1802 aliwakuta dirishani na kitabu, Cathy anamkemea mwanafunzi wake kwa neno alilolikosea mara ya tatu, na mwanafunzi akimaliza kusoma anadai zawadi yake, nayo ni busu.

Niseme machache kwa wasomaji wanaompenda mama kuliko binti. Mko wengi, na filamu nyingi ziko upande wenu: hukata kisa Catherine anapokufa, Cathy hata hazaliwi. Mnasema binti ni kivuli, ni Catherine aliyepozwa. Mimi nasema hamjamsikia vizuri. Msikieni usiku wa maziko ya baba yake, Heathcliff amekuja kumchukua, hana mtetezi. Anamwambia usoni: wewe huna wa kukupenda; ukifa hakuna atakayekulilia; nisingependa kuwa wewe! Mama yake hakuwahi kumwambia Heathcliff jambo zito kuliko hilo. Na msikieni anapoieleza pepo yake. Linton aliitaka siku ya Julai, kulala chali nyikani, utulivu mtupu. Cathy akaitaka juu ya mti unaoyumba kwa upepo, ndege wote wanaimba, misitu na maji na dunia nzima imeamka imecheka. Mama alitupwa kutoka peponi akaangukia nyikani. Binti aliihamishia pepo nyikani kabisa.

Kuna Mwana Kupona binti Mshamu, kule Pate, ambaye mwaka 1858, miaka 11 tu baada ya riwaya hii, aliugua akamtungia bintiye wasia: negema wangu binti. Tunamheshimu kwa sababu alijua anakufa akaacha maneno. Catherine hakuacha maneno. Aliacha shajara pembezoni mwa vitabu na jina alilolichora kwa kukwaruza kwenye rangi ya ubao wa dirisha: Catherine Earnshaw, Catherine Heathcliff, Catherine Linton. Kiti kidogo. Na macho.

Hayo macho nisiyaache. Cathy alipopatana na Hareton waling'oa miti ya matunda ya mzee Joseph wapande maua. Joseph akashtaki. Heathcliff akafoka: nani kakupa ruhusa ya kugusa kijiti katika nyumba hii? Cathy akamjibu: usininyime kipande cha ardhi cha maua, wewe uliyechukua ardhi yangu yote, na fedha zangu, na ardhi ya Hareton. Heathcliff akamkamata nywele. Nelly anasema alionekana yuko tayari kumrarua vipande. Hareton anajaribu kuwaachanisha. Na ghafla vidole vya Heathcliff vikalegea. Akamshika mkono badala ya kichwa, akamtazama machoni, akajifunika uso kwa kiganja.

Jioni ile ile Cathy na Hareton waliinua macho kutoka kitabuni kwa pamoja, na Heathcliff akaona macho manne ya Catherine Earnshaw yanamtazama, maana binamu hawa wote wawili walikuwa nayo. Akamwambia Nelly kwamba sasa anaweza kuzibomoa nyumba zote mbili, hakuna wa kumzuia, ila hamu ya kubomoa imemwisha; hataki hata kuinua mkono. Baada ya hapo hakumdhuru binti tena. Haikufika kiangazi akafa, na mali za koo mbili zikarudi kwa Hareton na Cathy, ambao arusi yao ilipangwa siku ya mwaka mpya wa 1803.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, tupokee maswali, na tuanze na wanafunzi. Nimeona mikono kule nyuma tangu nilipomtaja Edgar.